Onyo Likichelewa Halijakuwa Uongo

Wasee, leo nianze kwa kukiri kitu.

Mei 2024, wakati nchi nzima ilikuwa inangojea kimbunga Hidaya, nilitengeneza klipu. Nilipanda juu kwa paa la flati, pale watu huanika nguo, nikavaa gambuti, koti la mvua na kofia yake, nikafungua mwavuli. Jua lilikuwa linawaka mbaya sana. Nikaandika chini: "Mimi nikimngoja Hidaya, na yeye amesoma meseji akanyamaza." Hiyo klipu ilitembea, manze. Ilitembea mpaka ikanirudia kwa grupu ya familia, imetumwa na anko mwenye hakujua kuwa yule wa gambuti ni mimi.

Kila mtu alicheka isipokuwa kukhu, nyanya yangu wa Budalang'i. Yeye alinipigia simu. Hakunigombanisha. Alisema tu, "Maji haivai saa, mtoto," halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilichukulia hayo kama maneno ya wazee, yale unaitikia "ndio kukhu" halafu unaendelea na maisha. Kilichonirudisha kwayo ni hadithi ya ziwa moja liko mbali na sisi, Florida, Marekani. Nataka niwasimulie, halafu niseme venye naona sisi vijana tunakosea.

Ziwa lenyewe linaitwa Okeechobee. Jina hilo lilitoka kwa lugha ya wenyeji wa asili wa huko, maana yake ni maji makubwa. Na ni makubwa kweli, karibu kilomita za mraba 1,900. Chukua kaunti yote ya Nairobi, kutoka Kasarani mpaka Karen, uiweke ndani mara mbili na bado nafasi itabaki. Lakini kina chake ni kidogo ajabu. Kwa wastani halifiki mita tatu. Hicho ni kimo cha chumba chako, kutoka sakafuni hadi darini.

Sasa fanya hivi ukiwa nyumbani. Chukua sinia, mimina maji kidogo, halafu puliza kwa nguvu kutoka upande mmoja. Utaona maji yanakimbilia upande wa pili na kutaka kumwagika. Ndivyo upepo wa kimbunga hufanya ziwa. Kwa ziwa lenye kina kirefu, maji yanayosukumwa juu hupata njia ya kurudi chini kwa chini. Kwa ziwa la sinia hakuna hiyo chini. Yanarundikana tu upande mmoja, yanapanda, mpaka yanapata pa kumwagikia. Watu hufikiri mawimbi ya dhoruba ni mambo ya bahari, ya Mombasa na Lamu. Hapana. Ziwa pana lisilo na kina likipata upepo wa kutosha, linaweza kumeza watu walio mbali kabisa na bahari.

Upande wa kusini wa Okeechobee kulikuwa na udongo mweusi wenye rutuba sana. Watu walikuwa wamekausha kinamasi, wakaanza kulima maharagwe, nyanya, miwa. Vibarua walikuja kwa maelfu. Wengi walikuwa Wamarekani weusi, na wengine wametoka visiwa vya Bahamas. Waliishi kwa mabanda na nyumba za mbao kwa miji kama Belle Glade, Pahokee na South Bay. Kati yao na ziwa kulikuwa na tuta la udongo, lenye kimo cha mita moja na nusu hivi, mbili pengine. Lilijengwa ili maji yasiingie mashambani siku za kawaida. Hakuna mtu alilijenga akifikiria kimbunga.

Na usiseme hawakujua. Septemba 1926, kimbunga kilichopiga Miami kilifika mpaka hilo ziwa na kuvunja tuta mji wa Moore Haven. Mamia ya watu walikufa. Watu wakalia, viongozi wakaongea, miaka miwili ikapita. Tuta likabaki la udongo.

Septemba 1928 kimbunga kingine kikatoka Atlantiki. Kilipiga Guadeloupe, watu zaidi ya elfu moja wakafa. Tarehe 13 kikapiga Puerto Rico, mamia wakafa. Halafu kikaelekea Florida. Huku ziwani, mvua zilikuwa zimenyesha wiki nyingi na maji yalikuwa tayari yako juu.

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Tarehe 16, siku ya Jumapili, onyo lilifika. Redio zilikuwa chache, kwa hivyo habari ilienda kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Watu wengi walisikia, na wengi walitii. Walibeba watoto wakaenda mahali pa juu, kwa majengo imara. Wakangoja. Saa waliyoambiwa ikafika, kimbunga hakikufika. Wakangoja zaidi. Watoto wanalia njaa, nyumba imeachwa wazi, kesho ni kazi. Si unajua hiyo hisia? Mwishowe wengi wakasema hii ni uongo, wacha turudi.

Wakarudi nyumbani.

Jioni hiyo hiyo kimbunga kikatua karibu na West Palm Beach, na usiku kikafika ziwani. Upepo kwanza ulivuma kutoka kaskazini, ukasukuma ziwa lote kwenda kusini, kule kwenye mabanda na lile tuta. Maji yakapita juu ya tuta, halafu tuta likaachilia. Mahali pengine maji yalifika mita sita. Nyumba ziling'olewa kwa msingi zikaelea gizani na watu wakiwa ndani au juu ya paa. Halafu jicho la kimbunga likapita, upepo ukageuka, na maji yakasukumwa upande wa kaskazini. Huko pia yakafurika.

Kwa miaka mingi hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 1,836. Mwaka 2003, miaka 75 baadaye, ikapandishwa kuwa angalau 2,500. "Angalau" hapo inabeba mzigo mzito, juu vibarua wengi walikuwa wageni wasiojulikana kwa orodha yoyote. Hakuna aliyeandika walipokuja, na walipopotea hakukuwa na pa kuanzia kuhesabu.

Na mambo hayakuishia hapo. Wanaume weusi walionusurika walilazimishwa kukusanya maiti, wengine wakiwa wameelekezewa bunduki. Majeneza yalikuwa machache, na yaliwekewa wazungu. Pale West Palm Beach, wazungu 69 walizikwa kwa makaburi ya kawaida. Watu weusi 674 waliwekwa kwa shimo moja, mahali pengine mjini. Hilo shimo likakaa miaka na miaka bila alama. Ardhi yenyewe ikauzwa, ikabadilisha wenyewe. Ni mwaka 2002 ndipo ikaingizwa kwa orodha ya maeneo ya kihistoria ya taifa lao. Zora Neale Hurston alikiweka kimbunga hicho ndani ya riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God, na kwa wengi hapo ndipo waliposikia habari zake mara ya kwanza. Kitabu kilikumbuka mapema kuliko jiwe la kaburi.

Sawa. Sasa turudi nyumbani.

Najua kuna mtu atasema, Kenya haipatangi kimbunga kama hicho, tuko kwa ikweta. Ni kweli. Karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayozungusha upepo kuwa kimbunga ni ndogo mno. Ziwa Victoria halitapata 1928 yake kwa njia hiyo. Lakini mimi siongei juu ya upepo. Naongea juu ya ile safari ya kurudi nyumbani.

Angalia sisi. 2023, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilituonya kuwa El Niño inakuja. Oktoba, Rais William Ruto mwenyewe akasema haitakuwa El Niño ile tulikuwa tumeambiwa, ni mvua ya kawaida tu ya kuzidi kidogo. Tukashangilia. Memu zikawa mingi. Novemba mvua ikaja, na kabla mwaka uishe zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko. Miezi michache baadaye, Machi hadi Mei 2024, tena. Mathare. Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, watu wamelala. Zaidi ya 200 nchi nzima.

Na katikati ya hiyo yote, Hidaya. Sisi tulionywa, pwani yetu ikapona, tukacheka. Lakini hakikupotea. Kilitua Tanzania, kisiwa cha Mafia, Mei 4. Kusini mwa Tanzania nyumba ziliharibika, barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika, na watu wakapoteza maisha. Mimi nikiwa kwa paa na mwavuli nikiigiza mtu aliyeachwa, kuna familia hapo jirani tu ilikuwa inaokota mabati shambani. Sikujua. Sikujua juu sikuwa nimeangalia. Kwangu hadithi iliisha pale ilipoacha kunihusu.

Hili ndilo naona tunakosea. Tunachukua onyo kama ahadi. Mtu wa hali ya hewa akisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua, sisi tunasikia "nimeahidi mvua." Isiponyesha, ametudanganya. Lakini onyo ni kama mkanda wa kiti ndani ya matatu. Ukifika Thika salama, huwezi kumwambia kondakta, "uliniambia nifunge mkanda na hatujagonga kitu, wewe ni mwongo." Umefika salama. Hiyo ndiyo ilikuwa maana.

Na kuna mawili tunachanganya. Onyo lisilotimia kabisa ni kitu kimoja. Onyo lililochelewa ni kitu kingine. Ukiwa katikati ya kungoja, huwezi kuyatofautisha. Wale watu wa Belle Glade hawakuwa wajinga. Walisikia, wakaenda, wakangoja. Kosa lao lilikuwa la kibinadamu kabisa. Walitumia saa zao kupima maji.

Kukhu aliniambia kisa chake baadaye, nilipompigia kumwomba anieleze alimaanisha nini. Watu wa Budalang'i wanaishi na mto Nzoia upande mmoja na Ziwa Victoria mbele, na kati yao na mto kuna tuta, wao wanaliita daiki. Mwaka mmoja, mimi sijazaliwa, waliambiwa mto umejaa huko juu, wahamie shule iliyo mahali pa juu. Wakaenda na mbuzi na magodoro. Siku ya kwanza jua. Siku ya pili jua. Watu wakaanza kurudi wawili wawili. Jirani yake alirudi kuangalia kuku wake. Usiku huo daiki ikaachilia. Yule jirani alikaa juu ya mwembe mpaka asubuhi, maji yakiwa chini yake, akiita majina ya watu. Alipona. Kuku hawakupona, mahindi yote yakaoza, na kukhu anasema huyo mama hakuwahi kulala vizuri tena mvua ikinyesha.

Nilimuuliza, "Na wewe kwa nini hukurudi?" Akacheka. "Mguu uliniuma, mtoto. Ningerudi."

Hiyo jibu imenikalia. Hakujifanya mwerevu. Mguu ndio ulimwokoa. Na mimi, mjukuu wake, niko Nairobi nimevaa gambuti nikiwafundisha watu elfu kadhaa kwamba onyo ni kichekesho.

Sasa nijibu wale watakaosema nimekuwa mwalimu wa dini. Kwanza, ni rahisi kuambia mtu "hama," lakini hustler hana siku ya kupoteza. Ukifunga kibanda siku tatu kwa sababu ya mvua isiyokuja, rent haikungoji. Ni ukweli, na sitaki kuupita mbio. Hata 1928 ilikuwa hivyo. Mtu wa kibarua alirudi kwa sababu kesho yake ilikuwa kazini, si kwa sababu ya dharau. Ndiyo maana lawama haiwezi kuishia kwa mtu wa chini. Kama serikali inataka watu wahame, ihakikishe huko wanakohamia kuna chakula, choo, usalama na mtu wa kuwaambia lini warudi. Kumwambia mtu ahame aende alale darasani bila blanketi ni kumwandikia barua ya kurudi.

Pili, wengine watasema viongozi ndio wametufanya tusiamini. Leo El Niño iko, kesho haiko. Hapo mko sawa kabisa. Kiongozi akipunguza onyo ili apigiwe makofi, anafanya vile vile nilifanya mimi kwa paa, isipokuwa yeye ana sauti kubwa kuliko mimi. Lakini kwamba viongozi wamekosea haikupi ruhusa ya kumwachia shosho yako bei ya kosa lao.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi, tuta. Baada ya 1928 Marekani ilijenga ukuta wa maana kuzunguka Okeechobee, unaitwa Herbert Hoover Dike, una urefu wa kilomita 230 hivi, na ukarabati wake mkubwa ulikamilika 2023. Kwa hivyo ilikuwa inawezekana. Pesa ilipatikana, uhandisi ulipatikana, lakini baada ya maelfu kufa, na baada ya onyo la 1926 kupuuzwa. Kila ukisikia mafuriko "ni mapenzi ya Mungu," uliza kwanza tuta lilikuwa na kimo gani, lilikaguliwa lini, na nani alikuwa analala nyuma yake. Maji hayachagui rangi wala kabila. Lakini mtu ndiye huchagua nani atapewa shamba la chini, nani ataambiwa mwisho, na nani atazikwa na jina.

Sisi tunayaona. Ziwa Baringo limepanda miaka hii yote na kufunika shule, hoteli na boma za watu. Naivasha, mtaa wa Kihoto, watu wamewahi kupanda mashua kwenda kwenye milango yao wenyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka ya 1960. Hakuna kimbunga hapo. Ni maji tu, yamechukua wakati wao, tukidhani yamesahau.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria chache. Si lazima uzichukue, lakini nakuomba uzifikirie.

Onyo likitoka, sitalifanyia mzaha mpaka litangazwe limeisha na wale walilitoa. Si mpaka jua liwake kwetu. Mpaka litangazwe.

Nikishiriki onyo, nitashiriki pia mwisho wake. Watu hupoteza imani juu wanaachwa wananing'inia, hakuna anayewaambia sasa mnaweza kurudi.

Nitapiga simu. Wazee wetu wengi hawako kwa hizi programu zetu. 1928 habari ilibebwa na miguu, nyumba kwa nyumba. Leo wewe una bando ya jioni na unajua mtu mmoja anayeishi kando ya mto. Mpigie huyo mmoja.

Na onyo lisipotimia, nitasema asante. Sitasema wametudanganya. Nitawaambia walio karibu nami kuwa tulifika Thika salama.

Ile klipu bado iko. Nilifikiria kuifuta, nikaona ningekuwa najificha tu. Nimeandika komenti chini yake na kuiweka juu kabisa: kimbunga hiki kilifika, kilifika kwa jirani, na mimi nilikuwa nacheka. Watu wameniuliza kama nimepoa. Labda. Jana huku kulikuwa na wingu zito upande wa magharibi, nikampigia kukhu. Akasema huko kumetulia, jua liko, mbuzi wako nje. Nikamuuliza kama daiki iko sawa. Akasema walikuja watu wakaiangalia, wakaandika kwa karatasi, wakaenda.

Tunangoja hiyo karatasi.

Kwenu je? Kuna mto, ziwa ama bwawa karibu? Unajua tuta lake lilikaguliwa lini? Andika hapo chini, taja mahali. Na kama hujui, uliza chifu wiki hii, kabla hujasahau juu ya jua.